Dikoda ya dishi kwa fleti Nairobi: gani iko poa na haitaniumiza kila mwezi?

mama_ivy_umoja

Sasa wadau. Mwisho wa mwezi tunahamia fleti huko Umoja, orofa ya nne, juu yetu kuna zingine mbili halafu paa. Pale tulikuwa tunakaa dikoda ilikuwa ya shemeji na anabaki nayo, kwa hivyo haya mambo mimi sikuwahi kuyaguza, nilikuwa najua rimoti tu.

Jumamosi nilipita Luthuli kuulizia nikatoka nimechanganyikiwa zaidi. Duka moja wananiambia chukua ya HD, ingine wananiambia bila ya kurekodi hakuna haja, halafu kuna jamaa amesimama nje mlangoni ananivuta mkono mama hizo zote utalipa kila mwezi mpaka uzeeke, njoo nikuonyeshe moja unalipa mara moja tu. Bei nazo kila mtu na yake.

Nyumba yangu iko hivi. Mathe anakuja kukaa na sisi na bila Inooro, ile stesheni ya Kikuyu, jioni hakuna amani. Watoi ni katuni. Baba Ivy ni mpira, EPL, ile ligi ya Uingereza, si lazima kila mechi lakini zile kubwa za wikendi akikosa anaenda kuangalia kwa baa na hiyo ndio gharama mimi sitaki. Mimi nikipata tamthilia za Kiswahili usiku niko sawa. Ya kununua na kufunga niko na ngiri kumi, na kila mwezi nisipite ngiri mbili. TV ni inchi 43, ya juzi juzi.

Naomba mnilinganishie DStv, GOtv, Azam, StarTimes na hizi za bure, kile kila moja inafanya na pesa inakula. Na hiyo HD na kurekodi, ni vitu za maana ama ni ya kuuza tu?

kevo_wa_jericho

Kama ni EPL hakuna hadithi mingi hapo, SuperSport ndio iko nayo, kwa hivyo ni DStv ama GOtv. Zile zingine utapewa ligi zingine mpaka baba Ivy aanze kushabikia timu za Ujerumani bila kupenda 😂

Lakini ngiri mbili kwa mwezi, DStv kubwa usiiangalie hata. Kile kifurushi cha juu kabisa kimepita ngiri kumi kwa mwezi, piga mara kumi na mbili uone, hiyo ni zaidi ya laki moja na ishirini kwa mwaka, na TV yenyewe ilikuwa pesa ngapi? Watu wanabishana bei ya dikoda dukani na dikoda ndio kitu rahisi kwa hiyo maneno yote. Bei ya ofa inakuvuta mlangoni, pesa wanakulia ndani.

fundi_wa_paa

Mama Ivy mimi kazi yangu ni kupanda paa za watu kwa hivyo nitaanzia juu, ya dukani baadaye. Kwa fleti swali la kwanza si dikoda gani, swali ni nyumba yako inaona anga ya upande gani, na hili hakuna mtu wa Luthuli atakuuliza kwa sababu yeye akishauza amemaliza.

Iko hivi. Satelaiti za TV zimejipanga juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka hapa chini, na Nairobi tuko kusini ya ikweta kidogo tu, digrii moja na pointi. DStv ya huku kwetu inatoka kwa satelaiti ya digrii 36 Mashariki. Nairobi nayo iko karibu 37 Mashariki. Maana yake hiyo satelaiti iko utosini kwako, imebaki kidogo iwe juu kabisa. Ndio maana ukiangalia mabati ya Nairobi dishi za DStv zimelala chali kama zinakinga maji ya mvua. Mtu wa kutoka nje akiona anafikiri zimeanguka.

Sasa fikiria balkoni ya fleti. Juu ya balkoni yako kuna balkoni ya jirani, zege tupu. Dishi inataka kuangalia juu na juu ni sakafu ya mtu. Haitashika kitu, hata fundi akae hapo mpaka jioni. Labda utoe mkono wa chuma mrefu upite nje ya ukuta, na hiyo landilodi wengi hawakubali, na mimi mwenyewe siipendi kwa sababu ikianguka kutoka orofa ya nne inaangukia mtoto wa mtu. Kwa hivyo DStv kwa fleti ni paa, na paa ni keateka, na keateka ni mambo ya kuongea naye mapema.

Azam ni tofauti kabisa. Azam iko 7 Mashariki. Kutoka hapa hiyo iko upande wa magharibi, imepanda digrii 55 hivi kutoka chini. Ukiwa Umoja ni kama unaangalia tao na Ngong halafu unainua macho. Kama balkoni yako inaangalia magharibi na hakuna gorofa ingine imekuzibia, dishi unaifunga hapo hapo kwa vyuma na hakuna haja ya kupanda mahali. Kama inaangalia Kayole, sahau balkoni, hapo pia ni paa.

Na kabla mtu aulize, hapana, dishi moja haiwezi kushika DStv na Azam pamoja. Hizo satelaiti zimeachana digrii 29. LNB mbili (hicho kichwa cha mbele ya dishi) kwa dishi moja inawezekana satelaiti zikiwa jirani. Kwa hizi ni dishi mbili, kebo mbili, na ukitaka dikoda moja izisome zote kwanza hizo za kulipia haziruhusu, kila kampuni ina boksi yake na kadi yake.

GOtv nayo watu wanaita dishi na si dishi. Ni eriali. Inakuja kwa minara ya ardhini, mfumo wa DVB-T2, ule ule tulihamia wakati analogi ilizimwa 2015. Kwa Nairobi mnara mkubwa uko Limuru. Kwa mtu wa orofa ya nne hii ndio rahisi kufunga kuliko zote kwa sababu eriali haidai uone anga ya juu, inadai tu upande wa Limuru usizibwe sana, na mara nyingi hata ikigonga ukuta wa gorofa ya pili inarudi na bado inashika. StarTimes wako na aina mbili, ya dishi na ya eriali, kwa hivyo ukinunua sema ni gani, nimeshaitwa kwa nyumba napata mama amenunua boksi ya dishi na eriali ya nje na hizo mbili haziongei.

Kwa hivyo niambie balkoni inaangalia wapi, alafu tuendelee.

swahili_southb

Dada, assalam aleikum. Mimi ni mtu wa Pwani niliyehamishiwa Nairobi na kazi, na kwangu ni Azam. Ulivyosema tamthilia za Kiswahili, hapo ndipo penyewe. Sinema Zetu usiku kucha, na kama kuna mtu nyumbani anapenda Simba na Yanga, ligi ya Tanzania iko huko. Malipo yake ya mwezi hayatishi na wanapokea M-Pesa. Ila kweli EPL huipati, nisikudanganye.

Wangu wa nyumbani alikuwa akinung'unika kuhusu katuni, lakini watoto wamezoea na sasa wanazungumza Kiswahili cha Dar kuliko mimi. Jirani zangu wa hapa South B wanawashangaa.

njeri_wa_tokeni

Mama Ivy kabla hujatoa hata shilingi, enda nyuma ya hiyo TV. Umesema ni ya juzi juzi. Angalia stika ama ile boksi ilikuja nayo, kama imeandikwa DVB-T2 basi Citizen, KTN, NTV, KBC, Inooro na hizo zingine zote za bure unashika bila dikoda yoyote, ni eriali tu unachomeka na unaskani. Kama imeandikwa DVB-T2/S2 hiyo S2 ni ya dishi, iko na tundu la pili la kufunga kwa nati, hapo unaeza chomeka waya ya dishi moja kwa moja na ukapata stesheni za satelaiti ambazo hazijafungwa. Za kulipia huwezi, lakini mathe na Inooro yake umemalizana naye kwa bei ya eriali.

Watu wengi Nairobi wako na dikoda mezani inafanya kazi ambayo TV inajua kufanya tangu siku ilinunuliwa.

Na kitu ingine hakuna mtu hufikiria ni tokeni. Dikoda ukizima na rimoti haijazima, imelala tu na kale kataa kekundu. Angalia kwa adapta imeandikwa wati ngapi. Ikivuta wati 12 saa 24 mwezi mzima ni karibu yuniti 9. Na ya kurekodi iko na hadi diski inazunguka ndani kwa hivyo hiyo inavuta zaidi. Zima kwa soketi. Isipokuwa ile unataka irekodi usiku, hiyo lazima ubaki nayo ikiwa macho.

boss_wa_risiva

Hawa wote wanakuzungusha. Tafuta risiva ya server. Unanunua ngiri nne tano hivi, unalipa ya mwaka kidogo tu, unaona kila kitu, SuperSport zote, sinema, katuni. Mimi niko nayo na wasee wa mtaa wanajaa kwangu wikendi. Inbox.

njeri_wa_tokeni

Haya, wa mlangoni amefika 😂😂

fundi_wa_paa

Boss wacha nieleze hiyo ni nini ndio mama anunue akijua. Stesheni za kulipia zinakuja zimefungwa na funguo, na funguo zinabadilika kila baada ya muda mfupi. Dikoda halali inafungua na kadi yake. Hiyo yako haina kadi, inaenda kwa intaneti kuomba funguo kwa mtu mwingine mahali amechomeka kadi moja halali na anagawia watu mia. Kwa hivyo kwanza lazima uwe na Wi-Fi ama bando. Pili siku wenye stesheni wakibadilisha mfumo skrini inakuwa nyeusi, na hiyo siku huwa ni siku ya mechi kubwa, na yule alikuuzia hashiki simu. Tatu ni kosa kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, wanajua hizi vitu. Mimi zamani watu waliniita kuzifunga, nilikuwa narudi kwa nyumba hiyo hiyo bila malipo mpaka nikakataa kazi za hivyo.

Risiva ya bure ya halali ni kitu ingine, hiyo iko sawa na inauzwa wazi. Usichanganye hizo mbili, muuzaji atazichanganya makusudi.

boss_wa_risiva

Sawa mkubwa. Yangu bado inaonyesha lakini.

kevo_wa_jericho

Kwa leo 😂

mama_ivy_umoja

Nimecheka. Asanteni sana kwa kweli, nimejifunza zaidi ya ile Jumamosi yote.

Fundi, nilipiga simu kwa keateka. Balkoni inaangalia upande wa Kayole. Paa iko wazi, anasema kuna dishi kadhaa juu za watu wa orofa ya tano na ya sita, na kupanda ni ruhusa bora nimwambie siku moja mbele na fundi asitoboe mabati. Njeri, TV imeandikwa DVB-T2/S2 kwa stika, sikuwahi kujua hiyo kitu ni nini, nilifikiri ni namba ya kiwanda.

Sasa naulizia zile sifa, HD, kurekodi, USB, hizo namba zingine wanasema za MPEG. Ni gani nitafute na ni gani niache?

fundi_wa_paa

Upande wa Kayole ni mashariki kwa hivyo Azam kwa balkoni imekufa, DStv kwa balkoni imekufa. Umebaki na eriali ama paa. Sawa, hiyo imerahisisha.

Sifa. Nianze na ile inakata kabisa, alafu zile za raha.

Kama unanunua risiva ya bure ya dishi, kitu ya kwanza ni DVB-S2, huo ni mfumo mpya wa dishi, na MPEG-4, hiyo ni njia ya kubana picha. Bado kuna mzigo wa zamani unazunguka River Road, boksi za DVB-S tupu na MPEG-2, ni rahisi sana na ndio maana unaona bei inakupendeza. Hiyo stesheni za HD haioni kabisa, na hata zile si za HD nyingi zimehama. Utaskani upate kidogo na utafikiri dishi imeharibika. Ile mpya zaidi inasoma H.265, ubanaji mpya zaidi wa picha, ukiipata kwa tofauti ndogo chukua, kwa sababu stesheni zinazidi kuhamia huko. Kwako hata hivyo TV yako iko na S2 ndani, kwa hivyo risiva ya bure huna haja nayo.

HD ni picha kali zaidi. Kwa inchi 43 tofauti unaiona kwa mpira, unaona namba ya mchezaji mgongoni. Kwa habari na tamthilia sidhani mathe atajua. Dikoda mpya za kawaida karibu zote ni za HD sasa, kwa hivyo usikubali mtu akuongezee pesa kwa hilo neno pekee. Cha kuuliza ni hicho kifurushi unalipia kina stesheni ngapi za HD, maana boksi inaweza kuwa ya HD na stesheni zikawa si za HD.

Kurekodi. Kwa DStv hiyo ni Explora. Ni boksi nzuri, mimi siwezi kuisema vibaya, ina diski ndani, unasimamisha mpira unaenda kufungua geti unarudi unaendelea, unarekodi moja ukiangalia ingine. Explora Ultra imeongezwa Netflix na nini. Lakini ujue tatu. Bei ya boksi yenyewe iko juu sana ya ile ya kawaida. Kuna ada ya kila mwezi ya kutumia hiyo huduma, juu ya kifurushi. Na inataka LNB ya Smart kwa sababu ndani iko na vipokezi zaidi ya kimoja, LNB ya zamani ya tundu moja itakufanyia nusu kazi. Kwa bajeti yako hiyo ni ya watu wengine.

Kurekodi kwa USB kwa hizi boksi ndogo ni sawa kwa stesheni za bure. Unachomeka fleshi, unarekodi habari. Usitegemee kurekodi mpira wa kulipia uende kuangalia kwa rafiki, hazifanyi hivyo.

Ile ningekwambia uulize na hakuna mtu huuliza ni kama boksi inatumia volti 12. Stima ikipotea na uko na betri ndogo ya sola unaendelea. Kwa Umoja utanikumbuka.

Na uangalie vile menyu inakuonyesha signo. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa asilimia 80 na ubora ni sufuri, dishi inaangalia mahali si pake, hiyo nguvu ni kelele za LNB tu. Fundi akikuonyesha nguvu na anakuambia mama iko poa nilipe niende, mwambie nionyeshe ubora.

swahili_southb

Fundi hapo kwa nguvu na ubora umenifungua macho. Yangu mvua ikinyesha inakatika, ni dishi ama ni mvua?

fundi_wa_paa

Zote. Hizi dishi ndogo ni Ku band, na hiyo mvua kubwa inaimeza, haina dawa kamili. Lakini kama ubora ukiwa na jua kali ni 50, mvua kidogo tu inakuangusha. Ukiwa 80 unavumilia mpaka ile ya Aprili. Kwa hivyo iite fundi aisogeze kidogo kidogo mpaka ipande, na ukibadilisha kutoka 60 sentimita kwenda 90 utaona tofauti kubwa. DStv hapa Nairobi haiumii sana kama hiyo yako kwa sababu inashuka wima, inapita kwa mvua kidogo, yako inakuja ikiwa imeinama, inapita kwa mvua mingi.

Alafu kuna kitu ingine watu huniitia bure. Machi na Septemba, siku chache, saa sita na nusu hivi mchana DStv inakatika dakika kadhaa na jua linawaka vizuri kabisa. Hapo ni jua limepita nyuma ya satelaiti na limepofusha dishi. Usipigie fundi, ngoja irudi.

mwas_fiber

Mbona hakuna mtu amesema Wi-Fi? Fleti mingi Umoja ziko na intaneti ya kebo, unatumia programu ya simu ama ya TV, hakuna kupanda paa. Azam wako na programu yao, DStv wako nayo.

njeri_wa_tokeni

Ni sawa kama Wi-Fi unalipia tayari kwa kazi ama shule. Kama unaanza kulipia Wi-Fi ndio uone TV, hapo umeongeza bili ingine juu ya bili ya kifurushi. Na ngiri mbili zake zimeisha kwa Wi-Fi pekee.

kevo_wa_jericho

Wacha nimpigie hesabu kwa Kiswahili rahisi, mechi ndio imekuwa shida hapa.

Za bure na TV yake: eriali na kebo, mara moja, basi. Mathe ameshiba, tamthilia za Citizen usiku ziko, na mashindano makubwa saa zingine yanaonyeshwa bure, Kombe la Dunia la 2022 KBC walituonyesha. EPL hakuna.

GOtv: boksi ni pesa kidogo, ofa zikiwa hata chini ya ngiri tatu na eriali. Kila mwezi kuna vifurushi vya chini ya ngiri mbili, unapata Maisha Magic East, katuni ziko, na EPL unapata mechi kadhaa, SI ZOTE. Soma orodha ya stesheni za SuperSport kwa kila kifurushi kabla ulipe, tofauti ya kifurushi kimoja na kingine ni hapo tu.

StarTimes: ukiwa huna pesa ya mwezi mzima unalipa ya siku ama ya wiki. Hiyo ni kitu poa sana kwa mtu wa vibarua, na sioni kama watu wanaipa heshima yake. EPL hakuna.

Azam: ya mzee wa South B ameshasema.

DStv kifurushi cha chini ama cha kati: picha safi, lakini mechi kubwa zinapanda juu kwa vifurushi vya juu na huko bajeti yake haifiki.

Kwa hivyo mimi nikiwa ni mimi, GOtv na baba Ivy akubali kuenda kwa baa mara moja moja. Na Canal+ walichukua MultiChoice, wenye DStv na GOtv, 2025, kwa hivyo bei na vifurushi angalieni kila mwaka.

mama_ivy_umoja

Kevo baba Ivy amesoma hiyo sehemu ya baa na amekukubali kuliko wote 😂

Niliulizia zaidi. Kumbe jirani wa orofa ya tano ni binamu ya rafiki yangu, ako na DStv kwa paa na amesema naweza kutumia dishi yake. Hiyo inawezekana ama ni wizi? Na kuna mtu kazini anataka kuniuzia dikoda yake ya DStv ya HD, boksi tupu bila dishi, elfu moja.

fundi_wa_paa

Kutumia dishi ya jirani si wizi hata kidogo. Dishi ni chuma ya kukusanya signo, malipo yako kwa kadi. Wewe utakuwa na dikoda yako na akaunti yako. Mwambie aangalie LNB yake, ile kichwa ya mbele, ina matundu mangapi. Ikiwa na moja hakuna njia, usikubali fundi akuwekee kigawanyio cha mia mbili, kwa sababu dikoda inatuma volti 13 ama 18 kuambia LNB ibadilishe upande, sasa mkiwa wawili kwa tundu moja mtapigana, wewe ukiweka katuni yeye anapoteza habari. Ikiwa na mawili ama manne, kila tundu linajitegemea, mnakaa kwa amani. Tundu likiwa limeandikwa Unicable hilo achana nalo, ni la Explora.

Hiyo dikoda ya kazini, kabla utoe pesa, huyo mtu aipigie kampuni simu mkiwa pamoja aondoe jina lake na uandikwe lako, namba ya kadi iko chini ya boksi. Boksi yenye deni ama jina la mtu mwingine itakusumbua siku ya kulipa, unalipa na bado inakuonyesha E16.

njeri_wa_tokeni

Na umwambie aiwashe uone. Bila rimoti punguza.

mama_ivy_umoja

Jirani amepanda mwenyewe na simu akapiga picha. Matundu mawili, moja iko na kebo yake, ingine iko na kifuniko cha raba.

Tumeamua hivi. Eriali kwa TV moja kwa moja kwa sababu ya mathe, hiyo haitalipiwa milele. Dikoda ya kazini nitachukua akibadilisha jina, tuanze na kifurushi cha chini, na miezi ya mechi kubwa tunapandisha alafu tunarudisha chini. Baba Ivy amesema ya kupandisha atalipa yeye.

Fundi, kebo ninunue ya mita ngapi?

fundi_wa_paa

Kutoka paa kushuka orofa mbili alafu kuingia mpaka sebuleni, weka mita 25, ikibaki inakatwa. Nunua RG6, ile nene ya koti gumu, uangalie waya wa katikati na wavu wake, ile ya wavu wa nyuzi tatu achia wao. Ongeza koneta nne za kufunga kwa nati, mbili za kutumia na mbili za kuharibu. Kabla kebo iingie kwa dirisha iache ining'inie kidogo chini ya tundu, maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya mpaka nyuma ya TV. Na huko juu kwa LNB funga tepu ya raba ile ya mafundi wa stima, si selotepu, selotepu jua la Nairobi linaila kwa mwezi.

Na mwambie keateka leo. Kesho ni Jumamosi na ndio siku kila mtu anataka kupanda.